Mita Kumi na Moja za Kebo

Fundi alipochana ganda la nje la kebo na kulivua, unga mweupe ulimmwagikia viatuni. Akanitazama bila kusema neno. Chini ya unga ule nyaya za deraya, zile za chuma kilichopakwa zinki zinazoikinga kebo, zilikuwa zimepauka, na hapa na pale vidoa vya kutu nyekundu vilianza kuchungulia. Kebo mpya, haijawahi kupitishwa umeme hata sekunde moja. Nilirudi ofisini nimevimba kwa hasira, nikamwandikia msambazaji barua ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya.

Nilimwambia kebo ni mbovu, kiwanda kimebania zinki, natilia shaka hata shaba iliyo ndani, na nataka dramu nzima, lile gurudumu kubwa lililozungushiwa kebo, ibadilishwe ndani ya siku 14. Sikuambatisha kipimo hata kimoja. Niliambatisha picha moja, tena sehemu kubwa ya picha ilikuwa kiatu cha fundi.

Jibu lilikuja siku ya tatu, la adabu, lenye maswali matatu tu. Dramu ilipokelewa lini? Ncha iliyofunguliwa ni ya nje au ni ile iliyokuwa ndani ya dramu? Na kutu inaonekana hadi mita ya ngapi kutoka kwenye ncha hiyo?

Swali la kwanza lilinichoma kwa sababu dramu ilikuwa imekaa uani miezi 8, msimu mzima wa mvua ukaipitia. La pili ilibidi nikamuulize mtunza stoo. La tatu hakuna aliyelijua, na ndilo lililonitoa ofisini nikaenda kushika msumeno mwenyewe.

Tulikata kidogo kidogo. Mita ya 3, unga tele. Mita ya 6, unga umepungua lakini nyaya bado zimepauka. Mita ya 9, madoa machache upande mmoja. Mita ya 11, nyaya zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Tukageukia ncha ya pili, ile ambayo kiwanda kiliivalisha kofia ya plastiki ya kusinyaa kwa moto na sisi hatukuwahi kuigusa. Safi kabisa.

Hapo mtunza stoo akakumbuka. Mwezi wa pili tangu mzigo ufike tulikata kipande cha mita 4 kwa kazi ya dharura, na ncha iliyobaki tukaizungushia utepe mweusi wa umeme. Tukaondoka tukiamini tumeifunga. Utepe ule haukutengenezwa kuzuia mvua. Jua likiupiga wiki chache gundi inalegea, kingo zinafunuka, na maji yanapata mlango. Yakishaingia hayakai mlangoni. Kati ya nyuzi za shaba, na kati ya nyaya za deraya, kuna nafasi nyembamba ambazo maji hupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Shaba yenyewe ilikuwa imebadilika rangi hadi kama mita ya 5.

Kuhusu unga mweupe nilijifunza kitu ambacho nadhani kila mpokea mzigo angepaswa kukijua. Zinki haiogopi mvua kwa kiasi tunachodhani. Ikilowa kisha ikakauka hewani, inajitengenezea utando mwembamba mgumu wa karbonati ya zinki, na utando huo ndio unaoilinda kwa miaka. Inachochukia ni kulowa ikiwa imefungiwa, pasipo hewa ya kutosha kuikausha. Hapo utando haupati nafasi ya kujijenga, zinki inageuka kuwa hidroksidi, ule unga, na inaendelea kuliwa mpaka chuma kibaki uchi. Kwa hiyo kebo iliyoingia maji chini ya ganda iko pabaya kuliko bati linalonyeshewa kila siku juu ya paa.

Tangu siku ile kutu naisoma kama fundi wa magari anavyosoma tairi lililolika upande mmoja. Ikianzia nchani na kufifia kadiri unavyoingia ndani, maji yalipitia nchani. Uliza nani aliikata mara ya mwisho na aliifungaje. Ikiwa katikati ya kebo, mahali pamoja tu, paguse ganda kwa kidole: karibu kila mara utakuta mkwaruzo wa jiwe au alama ya uma wa mashine ya kunyanyulia mizigo. Ikiwa imeenea sawasawa mwanzo hadi mwisho, pamoja na ncha ambayo kofia ya kiwanda haijaguswa, hapo ndipo una haki ya kuandika barua kali, na hata hapo andika baada ya kupima.

Nilimwandikia msambazaji kumwomba radhi. Kebo tuliyokata tuliitupa, mita 11, na mita zilizobaki tulizipima kwa mega, kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja, kati ya kila njia (waya wa ndani wa shaba) na deraya kabla ya kuzitandaza. Zilifaulu, na hadi naandika haya zinafanya kazi. Msambazaji hakunikejeli. Aliongeza mstari mmoja tu, kwamba hata kama kosa lingekuwa lake, miezi 8 ingemweka mwanasheria wangu katika hali ngumu. Ilikuwa kweli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa wa mwaka 1980 unamtaka mnunuzi akague mzigo mapema kadiri hali inavyoruhusu, na atoe taarifa ya kasoro ndani ya muda wa kuridhisha tangu aijue au alipopaswa kuijua. Ukomo wa mwisho kabisa ni miaka 2 tangu kukabidhiwa, kama dhamana ya mkataba haisemi vingine. Wengi wanaishika ile miaka 2 na kusahau sentensi iliyotangulia.

Ungedhani baada ya aibu hiyo nilikuwa nimekomaa. Bado.

Mwaka uliofuata tulipokea roli za waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, nyuzi 7. Nilikuwa nimenunua kalipa mpya, kifaa cha kupimia unene, na mtu mwenye kalipa mpya hupima hata kalamu. Kila uzi ulikuwa na kipenyo cha milimita 1.68. Nikapiga hesabu ya eneo la duara mara 7, nikapata milimita 15.5 za mraba. Nusu milimita imeliwa! Nikampigia msambazaji simu, safari hii mwingine, nikamwambia kwamba nyaya zake ni nyembamba kuliko alizotuuzia.

Alinipa nafasi nimalize, kisha akaniuliza, "Mhandisi, ukinzani umepima?"

Sikuwa nimepima. Nikachukua multimita ya kawaida, nikaunganisha roli ya mita 100, ikanipa omu 0.3, ambazo zilikuwa za waya za kipimo chenyewe zaidi kuliko za kebo. Kwa ukinzani mdogo namna hiyo unahitaji kipimo cha waya nne: mbili zinapeleka mkondo, mbili zinasoma volti, ili ukinzani wa waya za kupimia usiingie kwenye hesabu. Tukaazima. Roli ikasoma omu 0.117, yaani omu 1.17 kwa kilomita. Jedwali la IEC 60228, kiwango cha kimataifa cha nyaya za kebo, kwa shaba isiyopakwa bati, daraja la 2 (waya wa nyuzi zilizosokotwa), milimita 16 za mraba, haliruhusu zaidi ya 1.15. Nilimpigia tena nikiwa nimeshika ushahidi mkononi, sauti imepata nguvu.

"Stoo yenu ina nyuzi ngapi za joto?" akauliza.

Zilikuwa 29. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, na viwango vyote vya jedwali lile ni vya nyuzi 20 za Selsiasi. Unazidisha ulichosoma kwa 254.5, unagawanya kwa jumla ya 234.5 na joto ulilopimia. Nikafanya hesabu nikiwa bado kwenye simu. Ikatoka 1.13. Waya ulikuwa mzima.

Akanieleza bila kuringa kwamba 16 ile ni jina. Kiwango hakikuahidi kwamba ukikata waya utakuta milimita 16 kamili za shaba. Kinaahidi kwamba ukinzani hautavuka mpaka, na kwamba idadi ya nyuzi haitapungua chini ya ile iliyotajwa. Kiwanda chenye shaba safi kinaweza kutimiza hayo kwa eneo dogo kidogo kuliko jina. Unaweza kuliita jambo hilo ujanja, na mimi siku ile niliita hivyo, ila ni ujanja ambao mnunuzi na muuzaji wote wameukubali walipoandika namba ya kiwango kwenye oda. Kalipa ikarudi kupima kalamu.

Hesabu ile ile ya 254.5 ndiyo iliyokuja kuniokoa baadaye, mbele ya mtu mwingine kabisa. Walileta kebo ya milimita 25 za mraba, ganda limepigwa chapa safi, jina la kiwango, ukubwa, namba za mita kwa mita. Cheti cha majaribio kipo na muhuri upo. Safari hii tulipima siku mzigo uliposhuka, kabla hata dereva hajaondoka. Baada ya kusahihisha joto tulipata omu 0.86 kwa kilomita. Mpaka ni 0.727. Tukapima roli tatu, zote zikasoma jirani na hapo. Kwa hesabu ya kurudi nyuma tulikuwa tumeuziwa kama milimita 20 hivi za mraba kwa jina la 25. Tulikwangua uzi kwa kisu kuona kama ni alumini iliyovalishwa shaba, maana hiyo ingeng'aa nyeupe ndani. Hapana, ilikuwa shaba hadi moyoni, ila chache.

Kosa la mtu mzoefu ni kukimbilia kushtaki. Msambazaji alijibu kwamba kipimo chetu ndicho kibovu, na nilijua kabisa angesema hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa na kipimo kibovu. Sikubishana naye. Nilimwomba amtume mtu wake. Alipofika tulichagua roli pamoja, yeye akionyesha kidole, tukakata vipande mbele ya macho ya pande zote mbili, tukaandika namba ya mita iliyochapwa kwenye ganda la kila kipande, tukavifunga kwenye mifuko mitatu na kutia saini juu ya lakiri. Mmoja wake, mmoja wetu, mmoja wa maabara huru yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara, ambayo sote tuliikubali kabla ya kujua itasema nini. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Maabara mnayoichagua baada ya ugomvi kuiva kila mtu huiona ni ya mwenzake.

Majibu ya maabara yalitofautiana na yetu kwa tarakimu ya tatu tu. Oda yetu ilikuwa imeandika "shaba, daraja la 2, kwa mujibu wa IEC 60228", maneno machache yasiyo na pa kuchomokea. Alichukua mzigo wake na kuleta mwingine. Cheti chake, tulipokisoma upya kwa makini, kilikuwa cha jaribio la aina, yaani lile linalofanywa mara moja juu ya muundo wa kebo kuonyesha kwamba kiwanda kinaweza kuitengeneza ipasavyo. Hakikuwa na namba ya dramu yoyote iliyoshuka kwetu. Siku hizi naomba cheti cha majaribio ya kawaida chenye namba ya dramu husika, na nikiletewa kile cha aina peke yake nakishukuru na kukiweka pembeni.

Nimesema oda yetu haikuwa na pa kuchomokea. Sikuzaliwa nikijua kuandika hivyo. Nilifundishwa na maneno matatu, "au inayolingana", ambayo mtu wa manunuzi aliyaweka kwenye oda ya kebo ya shaba ya njia 4, milimita 50 za mraba, akiamini yataongeza ushindani. Msambazaji akaleta alumini ya milimita 95.

Nilikasirika, kisha nikafungua jedwali, nikanywea. Shaba ya 50 inaruhusiwa omu 0.387 kwa kilomita. Alumini ya 95, omu 0.320. Kwa umeme, alichotuletea kilikuwa bora kuliko tulichoagiza. Alisema "inalingana" na ukinzani ulikuwa unamuunga mkono. Tatizo ni kwamba kebo haiishi kwenye jedwali. Glandi tulizonunua, vile vifungio vya kebo inapoingilia swichibodi, hazikuipokea kwa unene wake, matundu ya breka yalikuwa ya 50, na kebo nene isiyopenda kukunjwa haikuingia kwenye kona ya swichibodi. Tulivutana wiki mbili, barua zikawa ndefu kila upande, mpaka mtu mmoja wao akapendekeza tukutane mbele ya swichibodi yenyewe. Tukakutana. Ndani ya saa moja tulikubaliana: kebo ibaki, yeye alete glandi kubwa zaidi na lagi (vichwa vya kukamuliwa nchani mwa kebo) za metali mbili, zile zenye pipa la alumini upande wa kebo na ulimi wa shaba upande wa breka.

Nilidhani limekwisha. Misimu miwili ya mvua baadaye zamu ya usiku iliripoti harufu ya plastiki kuungua. Ncha moja, moja tu kati ya nyingi, ilikuwa imefungwa kwa lagi ya shaba tupu. Fundi alipungukiwa lagi moja jioni akachukua iliyokuwa mfukoni. Shaba na alumini zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, maana kwenye safu ya metali ziko mbali sana: alumini iko volti hasi 1.66, shaba chanya 0.34. Juu ya hilo, alumini ikipata joto hutanuka zaidi ya shaba, kisha ikipoa muungano unalegea, na kila ikilegea utando wa oksidi, ambao haupitishi umeme, unaota kwenye nafasi iliyoachwa. Muungano unazidi kupata joto na mduara unaendelea. Tulipoifungua, alumini ndani ya lagi ilikuwa imekuwa kijivu, inavunjika vunjika kama biskuti iliyolowa.

Kulikuwa na wazo, nisiwafiche, la kumrudia msambazaji. Ndiye aliyeleta alumini. Bosi wangu alilipenda wazo hilo sana. Nilitoa kwenye faili hati ya makubaliano yetu ya siku ile mbele ya swichibodi, yenye idadi ya lagi zilizoletwa na saini yangu ya kupokea, na chini yake kulikuwa na lagi moja pungufu ambayo sikuihesabu. Nilisaini nikiwa nimesimama, mwanga hafifu, watu wanataka kwenda nyumbani. Tulinunua lagi wenyewe. Tukasugua alumini kwa brashi ya waya, tukapaka grisi ya kuzuia oksidi, tukakamua lagi kwa taya za ukubwa wake, na tukafungua ncha nyingine zote kuzikagua. Kazi ya siku mbili, taa zimezimwa.

Ipo hadithi ya kituo cha pampu za maji taka, nitaipitia haraka kwa sababu hainipi sifa yoyote. Shaba iligeuka nyeusi ti ndani ya mwaka. Gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, huishambulia shaba na kuifunika salfaidi nyeusi. Oda yetu ilisema "kebo inayofaa mazingira magumu", maneno ambayo hayana kipimo duniani. Msambazaji kwenye bei yake ya kwanza alikuwa ameweka shaba iliyopakwa bati. Tukaiondoa kwenye oda ili kupunguza gharama, na barua pepe ya kuiondoa ilikuwa yangu. Tulihamisha swichibodi ikatoka kwenye chumba chenye gesi, tukaziba njia za kebo, tukakata ncha nyeusi mpaka kwenye shaba yenye rangi yake.

Yule msambazaji wa kwanza, wa maswali matatu, bado tunafanya naye kazi. Oda zetu kwake sasa ni ndefu, na juu yake huja ukurasa wa picha ambao hatukuwahi kumwomba: kila dramu, ncha zote mbili, kofia zikionekana wazi, zimepigwa siku ya kupakia. Mwezi uliopita simu yake iliingia saa kumi na moja alfajiri. Lori lilikuwa bado njiani. Dereva alisimama kuangalia kamba akakuta kofia ya dramu ya tatu imechomoka, na mvua ilikuwa imeanza.

"Mwambie fundi wako awe na kofia mpya na moto getini," akasema. "Na akate mita moja kwanza, aangalie. Ikiwa na maji, ni yangu."

Tulikata mita moja. Ilikuwa kavu. Nikampigia picha, na safari hii nilihakikisha hakuna kiatu.